Mwanafunzi Akisema Hataki Kuishi: Mnasihi Anawajibika kwa Nani?

Barua za mwezi huu ni nyingi, lakini tatu zimenifanya niziweke nyingine kando. Mbili zimetoka Tanga mjini na moja imetoka Bagamoyo, na zote zinahusu jambo ambalo vyuo vyetu hulizungumza kwa kunong'ona: mwanafunzi anayefikiria kujiua, na mtu mzima aliyeajiriwa kumsikiliza. Nimeondoa majina na kila kitu ambacho kingeweza kumtambulisha mtu.

SWALI: Shikamoo, Mama. Mimi ni mnasihi katika chuo kimoja hapa Tanga, na huu ni mwaka wangu wa pili kazini. Wiki iliyopita alikuja ofisini kijana wa miaka 21, wa mwaka wa pili. Alikaa karibu robo saa hasemi kitu, anakizungusha tu kitambulisho chake mkononi. Kisha akaniambia kwamba bumu, yaani fedha yake ya mkopo, halijaingia tangu muhula uanze, masomo matatu ameshafeli, na anaamini atadisko, yaani ataondolewa chuoni kwa kufeli. Baba yake, aliyeko Muheza, aliuza sehemu ya shamba la michungwa ili amlipie ada. Mwisho akasema, "Mimi siku ya matokeo sitaki kuiona." Sikuthubutu kumuuliza zaidi, nikihofia kumtia wazo ambalo pengine hakuwa nalo. Alinisihi nisimwambie baba yake, nami nikamwahidi kwamba yote yatabaki kati yetu wawili. Nilipomweleza mkuu wangu bila kutaja jina, aliniagiza nimtake kijana atie sahihi karatasi ya kuahidi kwamba hatajidhuru, halafu apewe barua ya kwenda nyumbani mpaka atakapopata nafuu. Mwenzangu mwingine anasema tuwaarifu polisi, kwa kuwa kujiua ni kosa la jinai. Je, nivunje ahadi yangu? Na likitokea la kutokea, ni nani atakayewajibika? (Mnasihi, Tanga)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Barua yako nilikujibu kwa simu siku ileile niliyoipata, kwa sababu jambo kama hili halingoji jarida lichapwe. Ninayoyaandika hapa ni yale tuliyozungumza, kwa faida ya wengine wanaokaa katika kiti kama chako.

Nianze na lile ulilolihofia. Kumuuliza mtu waziwazi kama anafikiria kujiua hakumpandikizii wazo hilo. Watafiti wamelipima jambo hili kwa miaka mingi, hata kwa wanafunzi wa sekondari, na hawakuona kwamba swali linaongeza mawazo hayo. Waliokuwa nayo tayari ndio ambao mara nyingi walipata ahueni, kwa kuwa kwa mara ya kwanza neno lile zito lilitamkwa na mtu mwingine bila kutetemeka. Kwa hiyo usizunguke. Usimuulize, "Lakini huna mawazo mabaya, au sivyo?", maana swali la namna hiyo limeshamwambia jibu unalotaka kulisikia. Muulize kwa sauti yako ya kawaida, "Unafikiria kujiua?" Akikubali, endelea kumuuliza amefikiria kwa njia gani, kitu chenyewe anacho au yuko karibu nacho, amepanga lini, amewahi kujaribu, na ni nini kilichomzuia mpaka leo. Jibu la hilo la mwisho lisikilize kuliko yote, kwa kuwa hapo ndipo utakapopata pa kushikilia. Walio wengi katika hali hii wamo njia panda: upande mmoja wa nafsi umechoka, na upande mwingine ndio uliomwamsha asubuhi akaoga, akavaa, akaja kukaa robo saa mbele yako akizungusha kitambulisho.

Na usikubali ule usemi wa maofisini kwamba anayesema hafanyi. Wengi waliokufa kwa kujiua walikuwa wamesema, ila walisema kwa mafumbo, na kijana wako amesema kwa fumbo jepesi sana: ametaja siku ya matokeo. Hiyo ni tarehe. Aliyetaja tarehe hahesabiwi kuwa mwanafunzi aliyechoshwa na masomo tu. Huyo ni mtu ambaye unapaswa kujua usiku wa leo analala wapi na nani. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba zaidi ya watu 700,000 hufa kwa kujiua kila mwaka, na kwamba kwa vijana wa miaka 15 hadi 29 hicho ni chanzo cha tatu cha vifo. Huo ndio umri unaopita mlangoni kwako kila siku.

Sasa nije kwenye ahadi. Nitasema wazi, na usinichukie: ahadi uliyompa hukuwa na mamlaka ya kuitoa. Siri katika unasihi ni amana, lakini ina mpaka, na mpaka huo hutajwa mwanzoni kabisa, kabla mtu hajafungua kinywa. Mimi nilikuwa nikisema hivi: "Utakayoniambia yatabaki hapa, isipokuwa nikiona uhai wako au wa mwingine uko hatarini. Hapo nitalazimika kumshirikisha mtu, na nitakuambia wewe kabla sijamwambia yeye." Maneno hayo hayachukui hata dakika moja, na katika miaka yangu yote sikumbuki mwanafunzi aliyeinuka akaondoka kwa sababu ya kuyasikia. Kwa kuwa hukuyasema, rudi kwake ukayaseme. Mwambie, "Nilikuahidi jambo ambalo sikupaswa kukuahidi, kwa kuwa nilikuwa na hofu." Kijana atakusamehe kusahihishwa kwa ahadi mapema zaidi kuliko atakavyokusamehe ukiivunja nyuma ya mgongo wake.

Ukishafika hapo, swali la kama mtu aambiwe limekwisha, na lililobaki ni nani aambiwe na aambiwe kiasi gani. Hapa ndipo wengi wetu huharibu. Tunadhani ni lazima awe baba, kwa sababu baba ndiye aliyeuza michungwa. Lakini huenda baba ndiye anayeogopwa kuliko matokeo yenyewe. Muulize kijana mwenyewe: "Katika ukoo wenu, nani akisikia habari hii hatapiga kelele?" Uliniambia kwenye simu kwamba alimtaja mjomba wake wa Mkinga, upande wa mama, ambao ni Wadigo. Basi huyo ndiye. Kwa Wadigo mjomba hakuwa mtu wa pembeni tangu zamani, na neno lake kwa baba mtu litafika mahali ambapo la mnasihi halifiki. Mjomba aambiwe yale tu yanayomwezesha kumlinda kijana: kwamba anapitia kipindi cha hatari, asikae peke yake, na mtu wa kupigiwa ni huyu. Hahitaji kujua kila alichokisema ofisini. Na kwa vyovyote vile habari hiyo isipitie kwenye kundi la WhatsApp la wahadhiri au la walezi wa hosteli. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu habari za afya ya mtu kuwa taarifa nyeti, na hata kama sheria hiyo isingekuwapo, aibu ya kijana si mali ya chuo.

Umeuliza nani atawajibika. Watu wa fani yetu hupenda kuitaja kesi ya Tarasoff ya California kana kwamba inawaamuru wanasihi wote kuwapigia wazazi simu. Ni vizuri kujua ilisema nini hasa. Mwaka 1969 mwanafunzi mmoja wa Chuo Kikuu cha California alimweleza mwanasaikolojia wake kwamba angemuua msichana. Baadaye akamuua Tatiana Tarasoff, bila yeye wala wazazi wake kuonywa. Mwaka 1976 Mahakama Kuu kabisa ya jimbo hilo iliamua kwamba mtaalamu ana wajibu wa kuchukua hatua za busara kumlinda anayekusudiwa kudhuriwa. Huyo ni mtu wa tatu. Miaka miwili baadaye, wazazi wa binti aliyejiua walipotaka wajibu huo uenezwe hadi kuwaarifu wazazi, mahakama ya rufaa ya huko huko ilikataa, ikiona kwamba mgonjwa anayehatarisha nafsi yake ana kesi ya namna nyingine; ila haikumwondolea mtaalamu wajibu wa kumtibu kwa uangalifu.

Hukumu inayokaribia hali yako zaidi ni ya mwaka 2018, ya mahakama ya juu ya Massachusetts, katika shauri la mwanafunzi wa MIT, chuo cha teknolojia cha jimbo hilo la Marekani, aliyefariki mwaka 2009. Majaji walisema chuo hakiwezi kubebeshwa mzigo wa kila huzuni ya mwanafunzi, lakini wajibu unazaliwa pale ambapo chuo kina habari ya hakika kwamba mwanafunzi amejaribu kujiua akiwa chuoni au muda mfupi kabla ya kujiunga, au ametamka mpango au nia ya kufanya hivyo. Wajibu wenyewe waliueleza kwa utaratibu ninaoupenda: fuata mwongozo wa chuo kama upo, kama haupo, mfikishe mwanafunzi kwa watu wanaoweza kumpatia matibabu, na akikataa matibabu, ndipo umwarifu yule aliyemwandika kuwa mtu wa kupigiwa simu wakati wa dharura. Katika shauri hilo chuo hakikutiwa hatiani. Hukumu za Marekani hazizifungi mahakama zetu, lakini nazitaja kwa sababu zinajibu hofu yako vizuri. Hakuna anayekudai uhakikishe kwamba mtu hatakufa, jambo ambalo hata daktari bingwa hawezi kulihakikisha. Unachodaiwa ni kile ambacho mtu mwangalifu wa kazi yako angekifanya akiyajua unayoyajua, na wewe sasa unajua.

Kuhusu karatasi ya kuahidi, naomba umfikishie mkuu wako neno hili kwa adabu zote. Viapo hivyo vilianza kutumika Marekani katika miaka ya 1970, vikaenea, na hadi leo hakuna ushahidi kwamba vinaokoa maisha. Vinailinda ofisi, au vinaifanya ofisi idhani imelindwa, na vinamfundisha mwanafunzi kwamba kuanzia leo akizidiwa asirudi kwako, kwa kuwa atakuwa amevunja ahadi. Karatasi inayofaa ni nyingine, nayo ni mpango wa usalama uliotengenezwa na wanasaikolojia wa Marekani, Barbara Stanley na Gregory Brown. Mnauandika pamoja, kwa maneno yake yeye: anajuaje kwamba hali inaanza kuwa mbaya, ni jambo gani akilifanya peke yake linamtuliza, ni wapi anaweza kwenda akawa katikati ya watu, ni nani anaweza kumwomba msaada, ni wataalamu gani wa kupigia, na ni vitu gani vya hatari viondolewe chumbani.

Niliwahi kuuandika mpango kama huo kwenye nusu ya karatasi ya daftari. Mahali pa "dalili" binti aliandika, "nikianza kulala na viatu." Mahali pa "pa kwenda" aliandika kibaraza cha nyumba ya bibi yake, Ngamiani, anakouza kahawa na kashata jioni. Kisha tukapiga namba zote palepale, moja baada ya nyingine, na mbili kati ya hizo hazikuwa zikipatikana. Tungeziacha vile zilivyo, binti yule angekuja kugundua usiku wa manane.

Hicho kipengele cha mwisho, cha kuondoa vitu vya hatari, msikiruke kwa kuona haya. Sri Lanka, baada ya kupiga marufuku kwa awamu viuatilifu vyenye sumu kali zaidi, vifo vya kujiua vilishuka kwa takriban asilimia 70 kutoka kiwango cha juu cha mwaka 1995, ingawa shida za maisha hazikwisha. Saa ya hatari huwa fupi, na walio wengi wakishaivuka hawafi kwa njia hiyo baadaye.

Kumrudisha nyumbani kunaonekana kuwa huruma, na huenda mkuu wako anakusudia huruma. Lakini fikiri kijana anaporudi Muheza na begi lake katikati ya muhula, na barua ya chuo mkononi, mbele ya baba aliyeuza shamba. Amepoteza wenzake wa chumbani, amekupoteza wewe, na hofu yake yote imetimia kabla ya matokeo kutoka. Chuo cha Stanford, Marekani, kilishtakiwa na wanafunzi mwaka 2018 kwa kuwaondosha wenye matatizo ya akili, na mwaka 2019 kikakubali kubadili utaratibu wake. Chuo Kikuu cha Illinois kilichukua njia nyingine tangu mwaka 1984: mwanafunzi aliyejaribu au kutishia kujiua alitakiwa ahudhurie vikao vinne na mtaalamu kama sharti la kubaki chuoni, na katika miaka iliyofuata vifo hivyo vilipungua kwa karibu nusu. Mimi sipendi shuruti katika unasihi, na hata sasa nasita. Lakini naliheshimu lile lililo ndani yake, kwamba chuo kilimwambia mwanafunzi, "Njoo," pale ambapo vingine vilimwambia, "Nenda." Likizo ya masomo inaweza kufaa, kama kijana ameichagua mwenyewe na kama huko aendako yuko mtu anayejua anampokea nani.

Polisi nao wasiitwe kwa sababu ya maneno aliyokuambia. Ni kweli kwamba Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa, urithi wa Waingereza ambao majirani wameanza kuuweka chini. Mahakama Kuu ya Kenya ilikitangaza kifungu chao kuwa kinyume cha katiba Januari 2025. Natamani na sisi tufike huko, kwa sababu najua watu waliokaa na maumivu majumbani kwa kuogopa kituo. Lakini kijana wako hajajaribu, amefikiri, na kufikiri si kosa. Anayehitajika ni mtu wa afya.

Hapo ndipo ninapotaka kukueleza jambo lililonipata mimi. Miaka mingi iliyopita, katika chuo ambacho sitakitaja, nilimsikiliza mwanafunzi kwa saa nzima, nikampima vizuri, nikaandika barua ya rufaa kwa mwandiko mzuri, nikaitia kwenye bahasha. Nikamsindikiza hadi kituoni, nikampandisha daladala iendayo upande wa hospitali, nikarudi mezani kwangu nikiamini kazi nimeimaliza. Saa nne baadaye nilipiga simu kuuliza, nikaambiwa hakuna mtu wa jina hilo aliyefika. Tulimtafuta mpaka jioni. Tulimkuta ameketi katika bustani iliyo mkabala na bandari, anatazama upande wa kisiwa cha Toten, bahasha iko mapajani haijafunguliwa, pembe zake zimelowa jasho la viganja. Aliponiona alisema, "Nilijua umenichoka, ndiyo maana umenituma kwa wengine."

Tangu siku hiyo sikumtuma mtu tena, nilimpeleka. Ukiona kijana anahitaji daktari, piga simu hospitali ya Bombo kwanza, jua jina la atakayempokea, panda naye bajaji, kaa naye kwenye benchi mpaka faili lifunguliwe na mtu wa afya ya akili aseme, "Niachie." Wajibu wako unaishia mwingine anapoupokea, mkono kwa mkono. Ikionekana anahitaji kulazwa naye hataki, usijifanye hakimu: Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 imeweka utaratibu wake, na daktari ndiye atakayeufuata. Na akitoka wodini mtafute siku ileile, na tena ndani ya wiki, kwa kuwa siku za mwanzo baada ya kutoka hospitali zina hatari kubwa. Daktari Jerome Motto wa San Francisco alijaribu jambo dogo mno: wagonjwa waliokataa kuendelea na matibabu baada ya kulazwa aliwagawa makundi mawili, kundi moja likawa linaandikiwa barua fupi za kuwajulia hali kwa muda wa miaka mitano, bila kudaiwa chochote. Katika miaka miwili ya mwanzo waliokufa kwa kujiua walikuwa wachache zaidi katika kundi hilo. Wewe huhitaji hata stempu, ujumbe wa simu unatosha: "Nimekukumbuka leo. Si lazima unijibu."

Mwisho, andika. Andika siku ileile: alichosema kwa maneno yake, ulichomuuliza, ulivyoipima hatari na kwa nini, uliyemwomba ushauri, mlichokubaliana. Na usibebe uamuzi kama huu peke yako. Kumwomba mwenzako mkongwe akusikilize ni sehemu ya kazi yenyewe, wala hakukupunguzii hadhi.

SWALI: Binti yangu ana miaka 20, anasoma chuo mbali na nyumbani. Nimesikia kwa rafiki yake kwamba amekuwa akionana na mnasihi tangu Ramadhani, na kwamba aliwahi kusema heri afe. Chuo hakikuniambia kitu, na nilipopiga simu mnasihi alikataa hata kunithibitishia kwamba anamfahamu. Ada nalipa mimi. Je, mzazi hana haki? (Mzazi, Bagamoyo)

JIBU: Pole sana, ndugu yangu, najua simu ile ilikukata moyo. Binti yako ni mtu mzima kisheria, na ada hununua masomo, hainunui faili lake. Lakini kuna jambo ambalo wazazi wengi hawalijui: mnasihi asiyeruhusiwa kukuambia hakatazwi kukusikiliza. Mpigie tena, usimuulize chochote, mweleze wewe unayoyajua: kama katika ukoo aliwahi kufa mtu kwa njia hiyo, kama binti aliwahi kujaribu akiwa sekondari, kama nyumbani kuna jambo linalomlemea. Habari hizo zinaweza kubadili kabisa jinsi anavyoipima hatari. Kisha mtafute binti mwenyewe, na usianze na "ulitaka kuniua mimi." Anza na kwamba umesikia anaumia, halafu nyamaza, umwache aseme au asiseme.

SWALI: Assalamu alaykum, Mama. Mwaka huu nimempoteza mwanafunzi niliyekuwa nikimhudumia. Nilionana naye siku sita kabla. Chuoni hapa Tanga nimeshauriwa niyaandike upya maelezo yangu ili "yakae vizuri." Wazazi wake wanataka kujua aliniambia nini. Wanafunzi wengine wanakuja ofisini wakilia, na mimi mwenyewe silali. Arobaini yake inakaribia, na sijui kama nina haki ya kwenda. (Mama wa chuoni, Tanga)

JIBU: Waalaykum salaam, dada yangu. Nimeisoma barua yako mara kadhaa kabla ya kushika kalamu.

Maelezo yako usiyaguse hata herufi moja. Ukikumbuka jambo ambalo hukuliandika, liandike kwenye ukurasa mpya, tia tarehe ya leo, useme wazi kwamba umelikumbuka baadaye. Aliyekushauri uyapambe pengine alikuwa anakuhurumia, lakini faili lililobadilishwa baada ya kifo litaifanya hata kazi nzuri uliyoifanya ionekane ya kuficha. Chuo kikiitisha kikao cha kutathmini, omba kianze kwa kuuliza yalitokea nini na milango gani ilikuwa imefungwa, kwa sababu kikao kinachoanza kwa kutafuta mtu huishia hapohapo.

Wanafunzi wanaolia wasikusanywe ukumbini wakahutubiwa. Waliolala naye chumba kimoja wafuatwe kwanza, mmoja mmoja, na miongoni mwao aangaliwe zaidi yule aliyekuwa akijua akanyamaza, au ambaye naye aliwahi kusema maneno kama ya marehemu. Kifo cha namna hii humvuta aliye karibu. Jinsi alivyokufa isisimuliwe, na barua, kama aliiacha, isizungushwe kwenye simu. Wala asitangazwe kuwa amepumzika na shida zake, maana yuko mwingine mwenye shida zilezile anayesikiliza. Wasemao kwamba hafai kuombewa, waachie wenye elimu ya dini wajibu. Wewe jina lake litaje kama unavyolitaja la marehemu mwingine yeyote.

Siri yake haikufa naye, hilo nalo ni gumu. Wazazi wakiuliza, unaweza kukaa nao, unaweza kuwaambia kwamba alikuwa akija na kwamba alikuwa akijitahidi, kama chuo na sheria vinakuruhusu kuthibitisha hivyo, na unaweza kulia nao. Yale aliyoyasema juu yao kwa uchungu, au juu ya mtu mwingine, hayana wa kumfaa sasa.

Kuhusu wewe: mtafute mnasihi mwenzako aliye nje ya chuo, ukae katika kiti cha upande wa pili. Siku sita ni swali litakalokurudia sana, na halijibiwi na mtu akiwa peke yake usiku. Kama siku ile ulimuuliza, ukampima kwa unayoyajua, mkapanga kuonana tena, basi ulikuwa kazini. Kama kuna ulichokiruka, utakiona pamoja na mwenzako, na utakifanya kwa anayefuata.

Arobaini nenda. Omba ruhusa ya familia kupitia kwa mtu mzima mmoja wa nyumba ile, wakiridhia vaa kama wanawake wengine, ingia jikoni usaidie kumenya vitunguu, na ukiulizwa wewe ni nani, sema mlifahamiana chuoni.